Kiapo cha Isaiah

Isaiah Were alikuwa seremala huko Kinoo. Kwa randa na msumeno hakuna aliyemshinda. Mdomo ndio uliomtesa. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni.

Jumapili moja mwaka 1974, yeye na mchumba wake Lornah walikuwa kanisani wakijaribu viapo vya ndoa. Isaiah alikwama kwenye neno la kwanza tu. Mama Peres, mwimbishaji, akamhurumia. Akaanzisha wimbo na watu wote wakaitikia, kama walivyofanya kila alipokwama akitoa ushuhuda. Walidhani wanamsitiri. Wimbo ulipokwisha, mchungaji alisema kwa upole kwamba kiapo hakisemwi na mtu mwingine. Harusi ingoje.

Isaiah alikufa moyo. Siku mbili hakugusa chakula. Alimwandikia Lornah barua, atafute mwanamume mwenye ulimi. Lornah alilia sana. Kisha akamkokota hadi mjini kwa Ajwang, jirani yake aliyefanya kazi katika kliniki ya matatizo ya kusema.

Ajwang alimvisha visikizi masikioni, vilivyounganishwa na mashine ya tepu.

"Hii mashine inakurudishia sauti yako ikiwa imechelewa kidogo," alisema. "Usishindane nayo. Vuta kila neno polepole."

Siku ya kwanza Isaiah alichanganyikiwa, akavua visikizi huku machozi yakimtoka. Wiki ya sita alisoma mistari minne bila kukwama. Lakini alipofika kituo cha basi, kigugumizi kikamrudia vilevile. Aliporudi kliniki pamoja na Lornah, akamuuliza Ajwang kama atapona.

"Pengine hakitaisha," Ajwang akajibu. "Mashine inakufundisha mwendo tu, mazoezi ni yako. Na wewe Lornah, waambie watu wasimmalizie maneno. Wakimwimbia, wanamnyamazisha. Wamngoje."

Maneno hayo yalimuuma Isaiah. Hata hivyo alikwenda kliniki kila Alhamisi kwa miezi mitano, bila matumaini mengi. Lornah naye alimweleza Mama Peres. Mama wa watu alihuzunika. Miaka yote hiyo alidhani anamsaidia.

Siku ya harusi Isaiah alikwama tena. Kanisa likanyamaza. Mama Peres alibana midomo. Isaiah alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akavuta neno polepole.

"Mimi... Isaiah... nakutwaa wewe... Lornah."

Alikwama mara tatu zaidi kabla ya kumaliza kiapo. Kila mara, walimngoja.