Chui wa Jioni ya Mwezi Mwandamo

Mifupa ya chui ilikutwa kichakani, juu ya chemchemi ya Busi, siku mbili baada ya Idi. Fisi walikuwa wamekwisha kuisafisha. Ngozi haikuonekana. Jioni ile ile Adamu, mfuga mbuzi, akatiwa pingu.

Dada yake, Mwantum, alikuwa miongoni mwa wanaojitolea kutambua wanyama kwenye picha za kamera zilizofungwa mlimani. Asubuhi Koplo Dorothea akaketi naye mbele ya kompyuta. Habibu, kiongozi wao, aliyekuwa akizileta picha kutoka mlimani na kuziingiza humo, alisimama mlangoni.

"Adamu aliapa mbele za watu kumuua chui aliyekula mbuzi wake," alisema koplo.

"Aliapa, afande. Lakini Ramadhani yote alikuwa Babati kwa mjomba. Alirudi mkesha wa Idi."

"Na tarehe ya picha hii ni ya mkesha huo, wakati wa magharibi. Chui yu hai. Basi aliuawa Adamu alipokwisha kurudi."

Chui alikuwa amegeuza shingo, macho yakimwelekea Mwantum, kama mfu aliyekatizwa neno. Picha hiyo alikwisha kuiandika: chui, jike, mmoja. Ndivyo walivyofundishwa: tazama mnyama, achana na mengine.

Safari hii akayatazama mengine.

"Afande," alisema kwa sauti ndogo, "kamera hii inaelekea mashariki. Kile juu ya mlima ni nini?"

"Mwezi."

"Mzima kama sinia. Mkesha wa Idi sote tulikodolea macho magharibi, tukitafuta mwezi mwembamba kama ukucha. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Picha ni ya katikati ya Ramadhani."

"Betri zikiisha, saa ya kamera huvurugika," Habibu alidakia. "Mashine tu hiyo!"

"Ikivurugika hurudi nyuma miaka, kaka Habibu. Haichagui siku aliyorudi Adamu."

Koplo aliikuza picha. Mbele ya chui, kati ya matawi mawili, duara jembamba liling'aa.

"Waya," alisema.

Habibu akaketi kizingitini.

"Nilitega digidigi, nipate nyama ya futari. Asubuhi nikamkuta yeye. Waya ulikuwa umemchora shingo, nikaichuna ngozi, nikaizika alama isionekane. Mimi ndiye ninayewahubiria watu wasitege!"

"Ungeifuta picha," alisema koplo.

"Mngeuliza chui amepotelea wapi, na Ramadhani yote mlimani nilipanda mimi peke yangu. Adamu alikwisha kuapa. Nikaibadili tarehe, nikaona mtaamini."

"Na mwezi hukuuona?" aliuliza Mwantum.

"Nilimtazama mnyama."

Adamu aliachiwa kabla ya magharibi. Mwantum alibaki peke yake na picha. Chui bado alimtazama. Hatua moja mbele yake kitanzi kilimngoja, wazi kama jicho.

Akafuta alichoandika, akaanza upya: chui, jike, mmoja.

Kisha akaongeza: binadamu, mmoja.