Krismasi kwa Akina Staniforth

Pembe ya ng'ombe ndiyo iliyowakutanisha.

Ilikuwa Jumamosi, Desemba imeanza, na soko la Moor mjini Sheffield lilikuwa limefurika watu hata pa kutia mguu hapakuwepo. Hester Ogden alikuwa akipenya katikati ya umati amekumbatia kichwa cha ng'ombe. Kilikuwa kichwa cha karatasi na gundi, chenye kope ndefu na midomo myekundu, cha mchezo wa vichekesho unaochezwa kila Krismasi katika jumba la michezo alikoajiriwa kushona mavazi. Koti lake la kijani lilimfika vifundoni, na nywele zake nyekundu zilichungulia chini ya kofia ya sufu.

Pembe ya kushoto ikanasa skafu ya mtu. Yule mtu akavutwa kinyumenyume kama mbuzi wa kamba.

"Dada, ng'ombe wako ananinyonga!"

Hester akageuka. Aliyenaswa alikuwa kijana mrefu mwenye kishimo kidevuni, amevaa sare ya madereva wa tramu, ameshika shina zima la kabichi ndogondogo za Krismasi kama askari aliyeshika rungu.

"Samahani, kaka. Hakukuona."

"Nani, wewe au ng'ombe?"

"Ng'ombe. Mimi nilikuona tangu kule kwenye samaki."

Kijana akaangua kicheko. Muuza jibini, mama mnene mwenye aproni ya mistari, akapaza sauti: "Wapenzi, mnaniziba! Busianeni au mpishe wateja!"

Hester akaiva uso mzima.

"Wewe si wa huku," kijana akasema akijinasua. "Sheffield kila mtu ni mpenzi. Hata mkaguzi wa tiketi atakuita mpenzi huku anakutoza faini. Mimi naitwa Wilf Staniforth."

Hester alitoka Worthing, pwani ya kusini. Mama yake alikuwa mhudumu wa hoteli, na kila Krismasi alipeleka bata mzinga kwenye meza za watu wengine. Hester alikulia jikoni mwa hoteli hiyo, akila amesimama, akisikia vicheko nyuma ya mlango. Mezani penyewe, pamoja na familia, hakuwahi kukaa hata mara moja. Alimwambia Wilf hayo siku chache baadaye, ndani ya tramu tupu ya asubuhi iliyokuwa haijaondoka, vioo vimeganda barafu, mikono yao imeshikana ndani ya mfuko mmoja.

Wilf akamgeukia. "Basi Krismasi hii utakula kwetu."

"Usinitanie."

"Nakutania nini? Mama atakutilia viazi mpaka uombe msamaha."

Hester akajishonea gauni la mahameli, rangi ya divai, kwa kipande kilichobaki cha pazia la jukwaani. Kila alipolijaribu mbele ya kioo moyo wake ulipiga kama wa mtoto.

Ndipo Wilf akapiga simu.

"Hester... ile habari ya Krismasi. Haitawezekana."

"Kwa nini?"

"Nyumbani kuna mambo. Nitakueleza siku nyingine."

"Nieleze sasa, Wilf."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamke, nyororo na iliyochoka: "Wilf, mpenzi, njoo unisaidie kumlaza."

Hester akaibana simu sikioni. Kumlaza nani? Mtoto? Mambo yote ya soko na kila mtu kuwa mpenzi yakamtoka kichwani. Mtu mwenye kidonda haulizi maana ya neno.

"Nenda," akasema. "Unaitwa na mpenzi wako."

Akakata. Simu ikalia tena, ikalia sana, hakupokea. Kazi yake ingekwisha Januari. Angerudi Worthing, akasema moyoni, na Sheffield ibaki na madereva wake.

Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu, mama mwenye nyumba alimopanga alimkuta amejifungia chumbani. "Unalilia mwanamume Desemba? Vaa gauni lako. Mtu hapiti hapa bila kusikia nyimbo za Krismasi za baani."

Wakapanda kilima hadi baa ya Farasi Mweupe. Adhuhuri ilikuwa nyeupe kwa theluji, lakini ndani palichemka: makoti yaliyolowa, bia, viazi vya kuokwa, watu bega kwa bega hadi kwenye ngazi. Hapakuwa na kiongozi wala kitabu. Kinanda kikongwe kikakohoa, kisha baa nzima ikaimba.

Hester alishika ukingo wa meza. Hizi hazikuwa nyimbo alizozijua. Zilikuwa za mabonde ya huku, babu kwa mjukuu, za wachungaji na nyota na malaika. Sauti nzito za wanaume ziliuliza, za wanawake zikajibu, kisha zote zikapanda pamoja, na glasi zikatetemeka rafuni. Mfua vyuma mstaafu aliimba amefumba macho. Machozi yalimtoka Hester, asijue analia nini.

Karibu na moto akasikia: "Wilf, mpenzi, msogeze baba yako."

Sauti ileile. Aliyesema alikuwa mama wa miaka sitini, mvi zimebanwa kwa pini. Pembeni yake Wilf alisukuma kiti cha magurudumu, na ndani yake alikaa mzee mpana wa mabega, mkono mmoja umelala pajani kama si wake.

"Arnold Staniforth," mama mwenye nyumba akanong'ona. "Ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo hapa. Kiharusi kilimpiga majira ya kuchipua. Tangu hapo hajatamka neno, hata jina la mkewe."

Hester akasikia aibu ikimpanda hadi masikioni.

Kinanda kikaanza wimbo wa wachungaji. Watu wakaimba ubeti wa kwanza. Kwenye wa pili mzee akafungua kinywa.

Sauti ikatoka. Haikukwama hata kidogo. Ilikuwa nzito na pana, kila neno mahali pake. Waliokuwa karibu naye wakanyamaza, kisha na waliofuata, ukimya ukaenea hadi mlangoni, mpaka baa ile yote ikabaki na mtu mmoja aliyeambiwa hatasema tena, naye anaimba. Mkewe alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Wilf alipiga magoti sakafuni kwenye bia iliyomwagika. Mzee alipofika kiitikio, watu walijaribu kumpokea na nusu yao wakashindwa.

Wimbo ukaisha. Mzee akamtazama mkewe, midomo ikahangaika, na maneno yasije tena. Lakini alikuwa akitabasamu.

Wilf aliinua uso, akamwona Hester. Wakatoka uani, theluji ikiwaangukia.

"Nilidhani una mke," Hester akasema. "Na mtoto."

"Mke! Yule ni mama!"

"Sasa najua. Kwa nini hukuniambia, Wilf?"

"Mama hakutaka mgeni amwone baba akihangaika kutafuta neno. Na mimi nikaona haya. Si kumwonea haya baba. Nilijionea haya mwenyewe, kwa kuona haya."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo, mpenzi."

Mlango ukafunguliwa. Mama yake Wilf, Enid, alisimama macho mekundu, akalitazama gauni la mahameli juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Hester? Unajua kumenya viazi?"

"Najua, mama."

"Basi Krismasi njoo mapema."

Siku ya Krismasi walivuta fataki za karatasi zikapasuka, wakavaa mataji ya karatasi yaliyokuwamo ndani, wakala mpaka mikanda ikalegezwa. Nje giza la alasiri lilikuwa limeshashuka. Enid akaleta pudingi nyeusi ya zabibu kavu, yenye jani la miiba la mholi, akaimwagia brandi, akazima taa. Kiberiti kikagusa. Moto wa buluu ukaifunika pudingi nzima bila sauti.

"Hester," Wilf akanong'ona, taji la njano limemkalia upande. "Januari usiondoke. Tuoane."

"Wilf!" Enid akafoka gizani. "Watu hawaposi pudingi ikiwaka! Ngoja moto uzime."

Mzee Arnold akacheka, kicheko kikubwa kisichohitaji neno.

Hester hakungoja moto uzime.

"Ndiyo. Siendi popote," akasema. "Nakaa hapa."