Kidoa cha Unyayo wa Kulia

Kikapu cha nguo chafu kilikuwa kimepinduliwa tena. Mama Vizimba, kama walivyomwita kazini, aliokota sare zake huku akimlaani paka, ingawa nyumba ile haikuwa na paka.

Kazi yake ilikuwa kutunza panya wa maabara. Vitoto vyao, tangu siku ya tano ya kuzaliwa hadi ya kumi, alividunga sindano: vingine dawa ya usingizi, vingine maji ya chumvi tu. Vya dawa alivitia kidoa cha wino unyayo wa kulia. Vikikua viliachiwa kwenye vichochoro vya mbao vitafute chakula, na vyenye kidoa vilizunguka palepale hadi vikachoka. Alivionea huruma, lakini sindano hakuiweka chini.

Kabla ya kugusa kitoto alisugua glavu kwenye maranda ya kizimba, ili mama mtu asisikie harufu ngeni akamkataa mwanawe. Siku binti yake aliposhikwa na uchungu wa uzazi, haraka ikamsahaulisha. Alasiri akakuta panya jike amevitafuna vitoto vyote vinane. Akaosha kizimba, akakimbilia mjukuu.

Tangu hapo nyumba ilinuka mkojo wa panya, na ukutani kitu kililia kwa sauti nyembamba.

Mjukuu alipotimiza siku kumi, bibi aliwahi kurudi kutoka kazini, akaingia chumbani alimolala binti yake na mtoto.

“Mama, mbona leo umekuja mara mbili?” binti alimnong'oneza.

“Mara mbili vipi?”

“Si ulikuja asubuhi kumchukua mtoto, kama siku zote hizi sita? Mikono yako ilikuwa baridi, nikaogopa. Ila nilisikia harufu yako, nikakuachia.”

Mama Vizimba alikitazama kikapu, akazitazama sare zilizofinyangwa kama zilizosuguliwa na mikono mingi, akaelewa ni nani aliyejipaka harufu yake na alijifunzia wapi, kisha akamfunua mjukuu, aliyetulia mno, akakiona kidoa cheusi kwenye unyayo wa kulia.

Akakisugua kwa sabuni. Hakikutoka.

Mganga aliitwa, akafukiza, akasikiliza ukutani, kisha akafunga mkoba wake mapema.

“Jini huyu sijamtoa mimi,” alisema. “Ameondoka mwenyewe. Anasema kazi yake imekwisha.”

Mwaka uliofuata mtoto alianza kutembea. Bibi alichuchumaa, akamnyooshea mikono, akamwita kwa kumbembeleza. Mtoto akazunguka mguu wa meza, akauzunguka tena, akaendelea kuuzunguka hadi akachoka.