Kitambaa Cheusi Mlangoni

La, hakumwacha! Hayo uliyosikia ni maneno ya watu. Lakini sikulaumu, maana hata Letteria mwenyewe aliyaamini miaka na miaka. Akaenda zake Torino, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, na bado kaapa hakanyagi kwao Messina tena. Mama yake alipokufa hakuja kuzika. Yote hayo sababu ya Placido, mpenzi wake wa ujana, hakutaka kumwona.

Sasa binti yake, Ornella, akamlipia safari ya meli, hizi za kuzunguka bahari na kula mchana kutwa. Asubuhi moja bibi anafunua pazia, anaona ile Madonna, sanamu ya Bikira Maria ya dhahabu, juu ya nguzo yake bandarini. Messina! Hata kuulizwa hakuulizwa.

"Mie nabaki humu. Miguu inauma."

"Mama, jana si ulicheza mpaka mpiga gitaa akaomba maji?"

"Ndiyo maana inauma."

Bice, mjukuu, akamning'inia mkononi. "Bibi, wewe si ulisema granita, barafu tamu za kusaga, ni za kwenu tu, za Torino ni barafu ya kuwekea samaki?"

Hapo akakwama. Akavaa gauni la buluu la vitone, skafu kichwani, miwani myeusi mikubwa, kama mtu anayekwenda kuiba. Mkwewe Fabrizio, mume wa Ornella, akatangulia na kamera yake, akapotea. Wao watatu wakaingia baa karibu na kanisa kuu. Watu wamejaa, vijiko vinalia, harufu ya kahawa na mikate ya moto.

"Nipe ya kahawa, krimu juu," Letteria akamwambia muuzaji. "Na usinipunje krimu. Mie si mgeni."

Nyuma yake mtu akasema, "Lilla."

Hakugeuka upesi. Jina hilo la mapenzi mumewe hakulijua hata siku moja.

Placido alikuwa na mvi kichwa kizima, shati jeupe limepigwa pasi na mtu asiyejua pasi.

"Umenifananisha, mzee."

"Nikufananishe? Mwanamke gani mwingine anagombea krimu hivyo?"

Bice akacheka. Ornella akamtazama mama yake, uso umekuwa kama wa msichana, akamvuta mtoto meza ya pili.

"Una uso wa kuniita Lilla?" Letteria akasema. "Nilikaa dirishani na kifurushi changu na viatu mkononi. Ukaniacha."

Maana siku zile, baba akimkataa kijana, wapenzi walitoroka usiku mmoja tu. Kesho yake wazee hawana ujanja, wanaozesha. Na hawa wawili walikuwa wameshapanga.

"Nilikuja," Placido akasema.

"Muongo!"

"Nilikuja na Vespa, pikipiki ya binamu yangu. Nikakuta kitambaa cheusi cha msiba mlangoni."

Letteria akamsogelea.

"Baba yako si alikuwa mgonjwa wa moyo? Nikasema basi, mzee amekwenda. Ningekutorosha vipi kwenye nyumba ya msiba, Lilla? Ningekuwa mnyama. Na kesho yake likizo yangu ya jeshi ikaisha, nikarudi kambini Udine."

"Kitambaa kilikuwa cha msiba wa mzee Nino, jirani wa ghorofa ya chini! Mlango wa nje si ulikuwa wetu sote?"

"Nilikuja kujua baadaye."

"Na barua? Hukuwa na mikono?"

"Barua ya mapenzi nyumba yenye matanga? Nikasema nikae kimya, nionyeshe heshima. Nilivyorudi, mama yako akanambia umeposwa Torino."

Letteria akacheka. Akacheka hadi kicheko kikageuka kilio, akavua miwani. "Mama yangu nimemwacha azikwe na majirani, Placido. Kwa ajili ya kitambaa."

"Hakuzikwa na majirani tu. Mimi nilibeba jeneza. Mbele, bega la kulia."

Basi Letteria akamshika mkono pale pale, mbele ya wateja wote. Na mkono ukawa unajua njia.

"Mimi ni mjane sasa," akasema polepole. "Na meli ile inaweza kwenda bila mimi. Kuna nini cha kunizuia?"

Placido hajajibu, simu yake ikalia.

"Nakuja, mpenzi wangu. Usilie. Nakuja sasa hivi, eh?"

Mkono wa Letteria ukarudi kwake. "Nani huyo?"

"Agatina. Mke wangu. Akili imempotea, hakumbuki. Tangu mwaka juzi hanijui, anadhani mimi ni fundi wa gesi."

"Na bado unamwita mpenzi?"

"Nikimwita jina lake haitiki. Hilo anaitika."

Letteria akavaa miwani yake tena.

"Njooni mle kwangu," Placido akasema. "Nyote. Nimepika tangu asubuhi."

Mara Fabrizio akampigia Ornella: "Mko wapi? Mama kapotea?"

"Hajapotea. Tumealikwa. Wewe njoo, usiulize."

Ngazi zilikuwa nyingi. Mlangoni Placido akanong'ona, "Lilla, laiti mimi..."

"Usimalizie, baba. Fungua mlango."

Ndani Agatina yuko mezani, nywele zimechanwa vizuri kuliko za mtu mzima wa afya. Samaki wa nyanya na zeituni ananukia nyumba nzima.

"Huyu nani?" Agatina akauliza.

"Mgeni, katoka melini."

"Mzuri. Umeolewa, mama?"

"Niliolewa," Letteria akasema.

"Basi mwambie fundi akupe kiti. Mtu mwema huyu, haendi kwake kamwe."

Placido akageukia sufuria. Akaleta sahani, akaanza kumkatia mkewe samaki, mchuzi ukamwagika. Letteria akamnyang'anya uma.

"Lete. Hata kukata hujui."

Akamkatia vipande vidogo, akapuliza, akamlisha. Agatina akafungua mdomo kama ndege.

"Mama, na wewe utakula lini?" Ornella akauliza. Machozi yanamtoka, na hakuna aliyekuwa amemweleza kitu.

"Nakula, nakula. Bice, sogea. Fabrizio, weka hiyo kamera. Na wewe, fundi, unasimamia nini?"

Akakokota kiti upande mmoja wa Agatina, Placido akakaa upande wa pili, wakamweka katikati. Ndipo wote wakakaa, wakala.