Saratani Iliyofichwa kwa Ajili ya Mahari

Wegesa alikuwa likizo kijijini kwao, Nyambureti. Asubuhi hiyo alikuwa anapepeta ulezi uani pamoja na dada yake mkubwa, Veronika. Veronika ni msemaji, lakini siku hiyo alikuwa kimya. Wegesa alimbana mpaka akasema. Alikuwa na uvimbe mdogo kwenye titi la kushoto tangu wakati wa palizi, miezi minne sasa. Haukuuma, ndiyo maana hakwenda hospitali.

Wegesa ni mtafiti wa maabara huko Mwanza. Miaka kumi na miwili amekuwa akichunguza jinsi mwili unavyokarabati vinasaba, ambavyo wengine huviita DNA, na jinsi ukarabati huo ukishindikana unavyoweza kuleta saratani.

Kisha Veronika akamwambia jambo alilolisikia kwa mama yao. Shangazi zao wawili, Robi na Gati, hawakufa kwa kifua kikuu kama watoto walivyoambiwa. Walikufa kwa vidonda vya matiti, wote wakiwa chini ya miaka hamsini.

Wegesa alitupa ungo chini akaenda zizini. Baba yao, mzee Waitara, ambaye walimwita Tata, alikuwa anamtoa ndama kupe. Alimwamkia shikamoo, maana heshima ni heshima hata damu ikichemka. Halafu akamuuliza kwa nini aliwadanganya.

Mzee hakukana. "Mlikuwa wasichana wanne," alisema. "Ningesema ukoo una ugonjwa wa matiti, nani angeleta ng'ombe hapa?"

"Kwa hiyo ukalinda ng'ombe, Tata."

"Niliwalinda ninyi, msizeekee nyumbani. Tena huo ugonjwa ni wa wanawake, unapita kwa mama. Mama yenu ni mzima. Nikajua mko salama."

Hapo Wegesa alikasirika kweli kweli. Katika utafiti wake alikuwa ameuliza mamia ya familia nani alikufa na kwa ugonjwa gani. Alipoulizwa yeye kliniki, alijibu kwamba kwao hakuna saratani. Uongo wa zizini ulikuwa umemfuata mpaka maabara.

"Nisikilize," alisema. "Mwilini kuna maelekezo ya kuujenga. Nusu hutoka kwa mama, nusu kwa baba. Maelekezo hayo hukatikakatika kila siku, na mwili una mafundi wake wa kuyaunga. Mtoto anaweza kurithi hitilafu, fundi mmoja akawa mbovu. Makosa yakirundikana, chembe za mwili huota hovyo. Hiyo ndiyo saratani. Na mwanamume anaweza kuibeba hitilafu hiyo bila kuumwa, akawapa watoto wake."

Mzee aliuliza kwa sauti ndogo kama hiyo ni laana.

"Si laana, wala haiambukizi. Na si kila aliyerithi ataugua. Lakini anayejua huchunguzwa mapema. Sisi hatukujua, kwa sababu ulinyamaza."

Mzee alimwachia ndama.

Kesho yake walimpeleka Veronika hospitali. Madaktari walichukua kipande cha uvimbe wakakipima. Ilikuwa saratani, lakini ilikuwa haijasambaa. Alifanyiwa upasuaji, akapewa dawa kwa miezi kadhaa, nywele zikanyonyoka, akatapika, akapona. Sasa analima tena, na anamcheka mdogo wake kwamba hajui kupepeta. Kipimo cha vinasaba kilionyesha kwamba Veronika alirithi hitilafu.

Hasira ya Wegesa haikwisha. Alimwambia baba yake kwamba msamaha utasubiri, kwanza auondoe ule uongo. Basi kikao cha ukoo kikaitishwa, na Wegesa akaja na muuguzi wa kuchukua damu kwa watakaotaka kupimwa. Aliwaeleza wanawake wajikague matiti kila mwezi. Uvimbe, hata usiouma, ngozi iliyobonyea, chuchu inayotoa majimaji: nenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Mzee Waitara akasimama. Alitaja majina ya dada zake wawili na kilichowaua. Alisema wazi kwamba alidanganya.

Mdogo wake, Ezekiel, akauliza kwa woga nani sasa ataoa binti zao. Wegesa alifungua mdomo kujibu, baba yake akamzuia kwa mkono.

"Atakayewakimbia kwa hilo, aende," alisema mzee. "Mimi nimezika dada wawili kwa uongo. Binti sitamzika hivyo."

Akakunja mkono wa shati, akamgeukia muuguzi.

"Anza na mimi."

Wa pili kukunja mkono alikuwa Ezekiel.