Karanga za Uji wa Babu

Kila Jumamosi, akishateka maji, Damari aliketi kibarazani na mama yake, Dorika, kuchambua karanga. Zilizonona ziliingia kwenye gunia la mbegu. Zilizosinyaa na kuota ukungu zilibaki kwenye ungo, na hizo ndizo zilizotengenezewa unga wa lishe. Nyumbani kwao Kinyangiri walifanya hivyo miaka yote, wala hakuna aliyeuliza.

Mwaka huu lishe ilikuwa ya babu Melkizedeki. Alikuwa akiumwa ini, amekonda mbavu nje, na daktari alisema apewe uji wenye nguvu.

"Peleka mashineni," mama alisema, akimsogezea ndoo ya uwele, mahindi na karanga za kwenye ungo.

Damari akaikalia ndoo. "Siendi, mama. Shuleni tumeambiwa karanga zenye ukungu zina sumukuvu. Inaharibu ini."

"Si nimeshazikaanga? Zikisagwa, nani atajua?"

"Ini la babu litajua."

Kha! Mtoto wa darasa la sita kumjibu mama hivyo! Dorika alimshika mkono, ndoo akaibeba kwa mkono wa pili, moja kwa moja hadi zahanati. "Nesi atakufundisha adabu!"

Damari alitetemeka, lakini hakurudi nyuma. "Shikamoo, nesi. Nimekataa kusagisha karanga hizi, na nitakataa tena."

"Marahaba." Nesi Anastasia alizichota, akazitazama kwa muda. "Mama Damari, mtoto yuko sawa. Kukaanga hakuondoi sumu hii. Inaharibu chembe za ini kidogo kidogo, na miaka ikipita inaweza kuleta saratani. Ini lililo gonjwa ndilo linaloumia zaidi."

Dorika aliivuta ndoo kwake. "Jamani, ningemuua mzee kwa mikono yangu!"

Walipofika nyumbani alizifukia zile karanga. Hata kuku hawakuonjeshwa. Kisha, bila kuambiwa na mtu, alifungua gunia la mbegu akajaza bakuli.

Jioni babu alikunywa uji mpya, akasimuliwa yote. "Mjukuu wangu," alisema, "adabu ni kuwasikiliza wakubwa. Lakini haikuagizi unyamaze mtu anapopikiwa sumu. Hapo sema, hata kama sauti inatetemeka."

"Na ukae juu ya ndoo mpaka tukusikie," mama akadakia, akimwongezea mzee uji.