Miche Iliyokauka Likoni

Saa nne kasorobo asubuhi ya Jumamosi, maji yalikuwa yamekupwa na miche yote ya mkandaa, aina ya mkoko, ilionekana juu ya tope la Likoni. Jalila, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, aliihesabu mara mbili. Kati ya miche mia sita, mia mbili na kumi ilikuwa imekauka.

Saa tano wageni wangefika. Kikundi cha akina mama, kilichoongozwa na mamake, kilikuwa kikiuza hatifungani ishirini za kijani. Anayenunua anakikopesha kikundi. Fedha zake zinapanda mikoko tu, na baada ya miaka miwili anarudishiwa pamoja na faida ya kuuza asali na miche. Wasingenunua, kitalu cha miche cha kikundi kingekosa kodi ya kiwanja na kufungwa.

Binamu yake Hashim alimshauri aandike kwamba yote imeshika.

“Wazee wale wavue viatu waingie topeni kuhesabu vijiti? Wewe nawe!”

Jalila akaandika mia sita kwenye karatasi ya hesabu ya wageni.

Wageni, Bi Margaret na Mzee Mwinyihaji, walitoka chama cha wastaafu wa bandari. Walipokwisha kuamkiana na kunywa kahawa, Bi Margaret hakuanza na faida. Aliuliza ni miche mingapi imekufa.

“Jalila,” mama aliita.

“Abee, mama.”

Jalila aliitazama karatasi, kisha akaikunja.

“Mia mbili na kumi. Humu nimeandika uongo. Hiyo tuliipanda chini mno, mahali pa mlilana, mkoko unaostahimili maji mengi, maji yakaifunika kupita kiasi. Ya juu imeshika yote.”

Mzee Mwinyihaji alivua viatu, akapandisha kanzu, akashuka. Alirudi na tope hadi magotini na hesabu ileile.

“Faida kila mtu huahidi, mwanangu,” alisema Bi Margaret, “na kujiita wa kijani hakuna gharama. Sisi hununua tunapojua fedha zimekwenda wapi, hata zilipopotea. Mia sita ingetuondoa hapa. Usiandike tena usichokihesabu.”

Walikubali kununua kumi na mbili, zilizotosha kodi ya mwaka mzima. Nane zingengoja mlilana upandwe na hesabu irudiwe.

Saa saba kasoro dakika kumi, Mzee Mwinyihaji alitia sahihi hatifungani ya kumi na mbili.